Njia ya Maji Inapopinda

Kama kuna kitu nilichokichukia katika utoto wangu wote, zaidi ya mafuta ya samaki na kuchanwa nywele Jumapili asubuhi, ni ile kona ya njia ya maji kule Rukanga. Tuliishi Voi, mtaa wa Kaloleni, kwa sababu baba alikuwa fundi wa reli, na kila shule zilipofungwa nilipelekwa kwa nyanya, mamake baba, chini ya mlima Kasigau. Kule kazi yangu ilikuwa maji. Bomba lilikuwa ng'ambo ya mteremko na ulikuwa ukiliona kabisa ukisimama uani kwa nyanya. Mtu wa kule akikohoa, ulimsikia. Mtoto yeyote mwenye akili timamu angeshuka moja kwa moja, achote, arudi. Lakini njia ya Rukanga haikutaka hivyo. Ilishuka vizuri mpaka kwenye vichaka vya katikati, halafu ghafla ikapinda kulia na kuzunguka mbali, kama mwanafunzi aliyemwona mwalimu wa hesabu sokoni, ndipo ikarudi kwenye bomba.

Kwenda hakukuwa na shida. Kurudi, na mtungi kichwani na maji yanachuruzika shingoni, nilikuwa naitukana kona ile moyoni kwa kila tusi nililolijua. Nilikuwa mtoto wa hasira. Bado nina hasira, waulizeni ninaofanya kazi nao.

"Nyanya, kwa nini tunazunguka?"

"Pale kuna nyuki."

"Mimi sijawahi kuona nyuki pale."

"Kwa sababu unazunguka. Ungepita ungewaona."

Sasa utamjibu nini mtu kama huyo? Nyanya alikuwa msemaji hodari. Akitoka nyumbani na hadithi ya jirani aliyekamatwa na mbuzi wa watu, angeisimulia njia nzima, na sauti za mbuzi akazitoa. Lakini tukifika kwenye kona alinyamaza. Hata neno likiwa nusu mdomoni, alilimeza. Tulizunguka kimya, na tukitokea upande wa pili aliendelea palepale alipoachia, "basi yule mbuzi...", kana kwamba hakuna kilichotokea. Mimi nilidhani alikuwa akivuta pumzi. Alikuwa mnene kidogo.

Nimekuwa nikiikumbuka sana kona ile, na sababu ni kazi yangu. Siku hizi nafanya kazi katika ofisi ndogo hapa Voi, ghorofani, juu ya duka la mabati na misumari. Tunatumia picha zinazopigwa na setilaiti kutoka angani kuchora ramani za mahali pa kale: makaburi, mapango, kambi za misafara ya zamani, na ile misitu mitakatifu ambayo Wataita wanaiita fighi. Mtu akitaka kuchimba au kujenga, serikali ya kaunti inaangalia ramani na kumwambia, hapa usiguse. Watu wakisikia setilaiti wanadhani tunavaa makoti meupe. Kwa kweli ni kukaa kwenye kiti kigumu na kulinganisha picha ya mwaka huu na ya mwaka jana, ukitafuta mti uliokuwepo na haupo, au njia mpya ya trekta inayoelekea mahali isipopaswa kuelekea. Wakati wa kiangazi kazi inakuwa rahisi, kwa sababu nchi nzima inakuwa rangi ya kahawia na fighi zinabaki kijani kibichi, hazifichiki. Nakaa na mwenzangu mmoja, mwanamume wa makamo ambaye wazazi wake walitoka upande wa magharibi kuja kukata mkonge Mwatate wakabaki. Kwa kompyuta anajua kuliko mimi. Kwa Kitaita hajui hata salamu, na amezaliwa hapa.

Siku moja kampuni ya kuchimba mawe ilileta mpango wake ofisini tuukague. Walitaka barabara ya malori kutoka uwandani hadi chini ya Kasigau. Mwenzangu aliufungua kwenye kioo cha kompyuta, na mstari mwekundu ukapanda kutoka bondeni, ukaingia Rukanga, ukapita katikati ya mteremko ulio kati ya nyumba ya nyanya na bomba la maji. Juu ya mteremko huo walikuwa wameandika neno moja: kichaka.

Wakati huo nilikuwa najua nyuki wa nyanya ni akina nani.

Baba ndiye aliyeniambia, mwaka aliostaafu, tukiwa tumekaa tu barazani Kaloleni bila shughuli. Zamani Wataita hawakuwa wanamwacha mzee wa ukoo kaburini moja kwa moja. Baada ya muda walilitoa fuvu lake na kulipeleka kwenye pango, likae pamoja na mafuvu ya waliomtangulia, na huko ndiko watu walikokwenda wakiwa na ukame au ugonjwa, wakawaeleza wazee wao shida zao kama unavyomweleza mzazi. Kanisa lilipokuja jambo hilo likaachwa, lakini waliokuwa wamewekwa walibaki walipowekwa. "Nyuki wa nyanyako ni wazee wetu," baba aliniambia, "babu yake babu yako yuko pale." Nikamuuliza pale wapi hasa. Akatazama reli. Akasema atanipeleka siku moja, na siku hiyo haikufika, kwa sababu baba alitutoka kabla ya mvua za mwaka uliofuata.

Sasa shida yetu ilikuwa hii, na nitaieleza polepole kwa sababu ndiyo iliyoninyima usingizi. Mahali pasipokuwa kwenye ramani hapalindwi. Mwenye lori hana kosa, ameonyeshwa kichaka, atapita kichakani. Lakini mahali palipo kwenye ramani panajulikana na kila mtu, na mafuvu yamewahi kuibwa kwenye mapango ya milima yetu, yakaenda yasikojulikana. Ukiweka nukta, umemwonyesha mlinzi na mwizi kwa kidole kilekile.

Tulifanya kama tunavyofanya siku zote. Tulichapisha picha kubwa ya setilaiti ya Rukanga nzima, tukaitandika juu ya meza katika ukumbi wa kanisa, tukawaita watu wanaojua waje mmoja mmoja wabandike kibandiko chekundu mahali pa wazee. Walikuja wengi kuliko tulivyotarajia. Walivaa vizuri. Kila mmoja aliinama juu ya picha, akatafuta nyumba yake, akacheka alipoliona paa lake, kisha akabandika kwa uhakika kabisa na kuondoka.

Tulipomaliza nilitazama meza. Vibandiko vilikuwa kila mahali. Kingine kilikuwa kileleni, kingine karibu na barabara kuu, kingine katikati ya shamba la pojo la mtu aliye hai. Kibandiko kimoja kilikuwa juu ya choo cha shule ya msingi.

"Hii noma," mwenzangu alisema. "Kwani walikufa wakitembea?"

Mimi nilielewa upesi, na kadiri nilivyoelewa ndivyo nilivyokasirika. Watu wa Rukanga hawakupanga njama. Kila nyumba, tangu zamani, iliwaambia watoto wake mahali pasipo penyewe, ili mtoto akibanwa na mgeni aseme uongo kwa moyo safi. Wengine wa wale waliobandika walijua wanadanganya. Wengine, maskini, walikuwa wamerithi uongo na kuuamini maisha yao yote, na walikuwa tayari kuapa. Hata wao kwa wao hawakujua nani ni nani.

Lakini kile kibandiko cha chooni nilikijua. Nilikuwa nimemwona aliyekiweka.

Shangazi yangu, dadake baba, ndiye mtoto wa mwisho wa babu aliyebaki hai. Anaishi katika boma lilelile la nyanya, anaimba sauti ya pili kwaya ya kanisa, na ana ulimi ambao nadhani ndio niliourithi. Kazi ya kupajua pale kwa desturi ilikuwa ya wanaume. "Wanaume wenyewe walikwisha," alikuwa akisema, "wengine mauti, wengine Mombasa." Kwa hiyo aliishika yeye, kimya kimya, na kanisani Jumapili hakukosa.

Nilimfuata nyumbani nikiwa nimefura.

"Shangazi, choo cha shule?"

"Si mlisema tubandike? Nikabandika."

"Watu wa mawe wakiona ile ramani watatucheka! Watasema hakuna kitu!"

"Wacha wacheke."

"Wakicheka watapitisha malori. Pale pale. Unajua ni wapi wanataka kupita?"

Alijua. Nilimwona akiacha kupepeta. Alikuwa na ungo wa pojo mapajani, na mikono yake ilitulia juu yake.

"Sasa unataka nifanye nini?" alisema, na sauti yake haikuwa ya mzaha tena. "Nitoe baba zangu niwaweke ndani ya kompyuta yenu? Sikiza. Wakati wa vita vya Wajerumani, Waingereza walitoa watu wa huu mlima wote, wakawapeleka Malindi. Wote. Babu yako alizaliwa huko. Huku kukabaki bila mtu, njia zikafa, miti ikaota. Waliporudi, wazee wakapatafuta na wakapapata, bila ramani, kwa miguu. Hakuna mtu aliibiwa miaka yote hiyo, kwa sababu hakukuwa na mahali pameandikwa. Mimi ndio niwe mtu wa kupaandika?"

Nilikaa nikamsaidia kuchagua mawe kwenye pojo, na alinipa kimanga, mihogo iliyopondwa na maharagwe, nikala, nikarudi Voi.

Mpimaji wa kampuni alikuja ofisini siku chache baadaye. Alikuwa mtu mstaarabu, nasema kweli, amevaa shati lililopigwa pasi na anasikiliza unapozungumza. Alitazama ile picha yenye vibandiko, akavitazama vyote kwa makini, halafu akasema kwa upole kwamba mahali patakatifu penye sehemu nyingi namna ile si mahali, ni uvumi. Kutakuwa na baraza Rukanga, chifu atakuwepo, na tusipoleta kitu cha maana barabara itapita ilipochorwa. Akaaga vizuri. Ningependelea angekuwa na kiburi, ningepata mtu wa kumkasirikia.

Baada ya hapo nilifanya kitu ambacho si kazi wala nini. Nilianza kurudi nyuma kwenye picha. Programu yetu ina kifimbo cha miaka chini ya kioo, ukikivuta kushoto unaona mahali palepale zamani. Nilijiambia natafuta dalili za pango, lakini nadhani nilikuwa natafuta tu kwetu. Nikavuta, choo kipya cha shule kikatoweka. Nikavuta, mabati mapya ya majirani yakatoweka moja moja, na mashamba yakajaa tena pale palipokuwa pameachwa. Nikavuta tena, na uani kwa nyanya pakatokea mraba mdogo wa buluu.

Lilikuwa ni turubai. Baba alilileta kutoka kazini, la kufunikia vifaa vya reli, likachanika pembeni, akampa mamake. Nyanya alianikia pojo juu yake kila mavuno na hakuruhusu kuku wala mjukuu akanyage. Katika picha lilikuwa limetandikwa, ina maana ilikuwa mavuno, ina maana alikuwa hai asubuhi ile, labda ndani jikoni, labda kivulini akimfukuza kuku, na juu yake mtambo umepita bila yeye kujua na kuondoka na turubai lake. Nililia. Sikulia kidogo, nililia na kamasi, ofisini, mchana, mteja akiwa ngazini.

Mwenzangu alinyanyuka akaniletea chai bila kuuliza. Akasimama nyuma yangu akiangalia kioo, ndipo akasema, "Lakini hii njia mbona imejikunja hivi? Si wangekata tu moja kwa moja?"

"Kuna nyuki," nilimjibu.

Neno lilinitoka lenyewe. Nilikuwa na kikombe mkononi na sikukinywa. Nikaliangalia lile nililokuwa nimelisema, kisha nikaiangalia njia.

Miaka yote ile niliijua kona kwa miguu, na mtoto mwenye mtungi kichwani anaijua kona moja tu, ile inayomtesa. Kutoka juu zilikuwa nyingi. Njia ya kwenda kanisani, ambayo sikuwahi kuipita kutokea upande ule, nayo ilifika kwenye vichaka vilevile ikapinda, kwa upande wake. Njia ya mbuzi ya majirani ikapinda. Ile ya watoto wa shule ikapinda. Zote zilikuja kutoka pande zao, na zote zilipofika umbali fulani zikageuka, zikazunguka, zikaendelea. Katikati hapakuwa na mstari wowote wa mtu. Nikavuta kifimbo kulia mpaka mwaka huu, zikaonekana alama za pikipiki, na bodaboda, watu wasiomsikiliza polisi wala mama zao, nao walikuwa wamezunguka.

Midomo ilikuwa imedanganya kote mlimani, lakini miguu ilikuwa imesema kitu kimoja. Niliwaona wote mle, nyanya, na babu aliyezaliwa Malindi, na hata mimi na mtungi wangu na matusi yangu. Sehemu ya ile kona niliichora mimi.

Nilirudi Rukanga na kompyuta ya mkononi. Shangazi alivaa miwani yake ya kusomea nyimbo. Nilimfungulia picha ya zamani kwanza, na kabla sijasema chochote akaweka kidole juu ya ule mraba wa buluu.

"Mama," alisema.

Akaniuliza kama naweza kuisogeza karibu zaidi aone mlango, nikamwambia haisogei zaidi ya hapo, akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa. Kisha nikamwonyesha njia. Nilizifuata moja moja kwa kidole na nilimwona anazitambua, hii ya fulani, hii ya kwenda kwa marehemu fulani.

"Sitaweka nukta," nilimwambia. "Nitachora tu watu wanapozunguka. Ndani ya mzunguko wote hakuna kuchimba wala kupita."

"Na katikati utaandika nini?"

"Sitaandika kitu."

"Hata nyuki?"

"Hata nyuki."

Aliangalia mduara. Ni eneo kubwa, lina mawe mengi na vichaka vya miiba, na pango lenyewe linaweza kuwa popote. Mwishowe aligusa kioo upande wa juu. "Ongeza huku kidogo," akasema. "Nataka mwizi akitafuta achoke mpaka ajute."

Nikaongeza.

Siku ya baraza ukumbi wa kanisa ulijaa. Tulitundika shuka jeupe ukutani, mwenzangu akaonyesha picha juu yake. Nilieleza kwa Kiswahili chepesi. Sikutaja mafuvu wala pango. Nilisema tu kwamba watu wa hapa wana mahali wasipopita, na miguu yao imepaandika, na haya hapa ndiyo maandishi yake. Nikaonyesha njia moja baada ya nyingine. Ukumbi ulinyamaza, na ule ukimya niliujua, ulikuwa ukimya wa nyanya kwenye kona. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Mpimaji aliinua mkono. Aliuliza, kwa upole wake uleule, kama haiwezekani kwamba watu wanazunguka kwa sababu ya ardhi tu. Pengine kuna korongo. Pengine kuna jabali. Watu huzunguka mabonde kila mahali na hawayaiti urithi.

Lilikuwa swali la haki, na nilikuwa nikiliombea lije. Nilimwashiria mwenzangu akaweka picha ya kiangazi. Katikati ya mduara, pale pasipo na njia hata moja, palionekana mstari mpana uliokuja kutoka upande wa mbuga, ukaingia upande mmoja, ukapita katikati kabisa, ukatokea upande wa pili, umenyooka.

"Hawa ni ndovu," nilisema. "Wanapita wakifuata maji. Hakuna korongo, bwana. Kungekuwa na korongo ndovu wangezunguka. Wao hawana mzee wao pale, ndiyo maana wamepita."

Mzee mmoja nyuma alicheka, na kicheko kikaenea, kikawa kikubwa mpaka chifu mwenyewe akafuta macho. Hata mpimaji alitabasamu. Aliomba kuiona picha kwa karibu, akasogea mpaka kwenye shuka, kivuli chake kikaanguka juu ya mlima, akaufuata mstari wa ndovu kwa kidole kisha njia za watu. Alirudi kwenye meza, akafungua mpango wake wa karatasi, akatoa kalamu. Chifu akasimama kuangalia. Sisi wote tulisimama. Mstari mwekundu wa malori ulipanda kutoka bondeni kama zamani, na ulipofika kwetu akauchora upya ukipinda kulia, ukazunguka mbali, ukatokea ng'ambo ya bomba. Shangazi alikuwa safu ya pili na wanakwaya wenzake. Alikuwa akiangalia dari.

Ramani sasa iko kwenye ofisi ya kaunti, na ukiifungua utaona mduara usio na jina chini ya Kasigau. Kila baada ya muda napata picha mpya na kuikagua, nione kama kuna mti uliokatwa au tairi lililoingia ndani. Mpaka sasa ni ndovu tu.

Mwaka huu, baada ya Pasaka, shangazi alinipigia simu.

"Njoo. Vaa viatu vya kufunga, si hivyo vyako vya Voi."

Nilipofika alikuwa amejifunga leso kichwani na ameshika fimbo, na hiyo fimbo sikuwahi kumwona nayo. Magoti yake yamechoka. Moyoni nilijua tunakwenda wapi, na nilitamani baba angekuwa hai ili nimwambie siku yake ile imefika, ila anayenipeleka ni dada yake. Shangazi alinitazama kuanzia viatuni mpaka mkononi.

"Hiyo simu ni ya kwenda wapi?"

Mimi ndiye ninayewafundisha watu kwamba simu inaandika kila unapokwenda, hata ukiwa umezima kioo chake, na nilikuwa nimeishika bila kufikiri. Niliingia ndani nikaiweka kabatini kwa nyanya, kando ya kopo la sukari, nikafunga mlango.

Tulishuka njia ya maji. Shangazi alikuwa akinisimulia ugomvi wa kwaya kuhusu sare mpya, kwamba wenzake wanataka rangi ya zambarau na yeye hataki kufanana na biringanya. Tukafika konani. Akanyamaza katikati ya neno. Miguu yangu ilianza kupinda kulia yenyewe, imezoea, naye akanishika mkono akanivuta, tukaingia.

Ya ndani siyasemi. Nitasema moja tu. Alipofika alipofika, shangazi alivua leso ya kichwa, akaongea kwa Kitaita kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayebisha hodi kwa jirani. Akanisukuma mbele kidogo na kuwaambia mimi ni mtoto wa nani. Alisema ni wa yule wa reli, yule aliyekuwa akiahidi kurudi.

Tulipotokea upande wa pili alifunga leso yake vizuri, akaendelea palepale. "Biringanya," alisema, "mtu mzima kama mimi." Nilicheka huku nalia, naye hakunitazama, aliniacha nilie mpaka bombani.

Jioni, nikiwa nimerudi Kaloleni, nilifungua simu nikaangalia nilikopita. Inahesabu kila kitu, soko, kazini, hata foleni ya benki. Kwa siku ile imeweka nukta moja tu, Rukanga, tangu asubuhi mpaka alasiri. Inasema nilishinda nyumbani kwa nyanya.